Jinsi ya Kupatanisha Kitenzi cha Kiingereza na Kiima Chake Maneno Mengine Yanapoingia Katikati

Kosa la kutopatanisha kitenzi na kiima, yaani mtu au kitu kinachotajwa kufanya jambo au kuwa katika hali fulani, katika Kiingereza ni nadra kutokea katika sentensi fupi. Hata mtu aliyejifunza lugha hiyo kwa muda mfupi hawezi kuandika "The list are long", kwa kuwa nomino na kitenzi vimekaa bega kwa bega na sikio linakataa papo hapo. Lakini mpe mtu huyohuyo sentensi inayoanza na "The list of the names of all the applicants", mwombe aimalizie, na hapo ndipo "are" inapojipenyeza, ilhali kiima hakijabadilika hata kidogo: ni "list" ileile, na kitenzi kinachostahili ni "is". Kilichotokea ni kwamba kati ya nomino na kitenzi chake yameingia maneno saba, mawili kati yake yakiwa nomino za wingi, na mwandishi ameifuata ile iliyo karibu na kalamu yake.

Maneno hayo ya katikati huitwa vikumushi. Yaweza kuwa neno moja, kirai (kikundi cha maneno kisicho na kiima na kitenzi chake) au kishazi kizima (kikundi chenye kiima na kitenzi chake), na kazi yake ni kuongeza maelezo juu ya nomino bila kuichukulia nafasi yake. Kanuni yenyewe haizidi mstari mmoja: kitenzi hufuata neno kuu la kiima, si nomino iliyokisogelea. Ugumu wote uko katika kulitambua neno kuu hilo pale sentensi inapokuwa ndefu, na yanayofuata ni njia za kulitambua bila kubahatisha.

Vitenzi vinavyoweza kukosewa

Kabla ya kuhangaika na sentensi nzima, inafaa kujua ni vitenzi gani vinavyohitaji kuchunguzwa, maana si vyote. Kiingereza cha leo kimebakiza alama chache sana za upatanisho. Katika wakati uliopo, kitenzi hupokea "-s" au "-es" pale tu kiima kinapokuwa cha umoja katika nafsi ya tatu, kama ilivyo katika "works", "goes", "does" na "has". Katika wakati uliopita ni kitenzi kimoja tu kinachotofautisha umoja na wingi, nacho ni kile chenye maumbo ya "was" na "were". Vingine vyote, kama "worked" au "went", hubaki vilevile kwa kiima chochote. Vitenzi visaidizi vya aina ya "can", "will", "must" na "should" havibadiliki kamwe, wala kitenzi kinachovifuata hakipokei "-s". Kwa hiyo anayeipitia sentensi "The causes of the delay will be discussed" hana la kuchunguza, ila anayeipitia "The causes of the delay are being discussed" analo.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi wanaoanza, nalo ni kwamba "-s" huonyesha wingi inapokuwa mwishoni mwa nomino, na huonyesha umoja inapokuwa mwishoni mwa kitenzi. Ndiyo maana tunapata "The machine stops" na "The machines stop", ambapo "s" hiyo ni kama imehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hicho ni kipimo cha haraka kinachofaa mara nyingi, mradi ukumbuke kwamba "children" na "people" ni za wingi bila kuwa na "s", na kwamba "news" ina "s" lakini ni ya umoja.

Anza na kitenzi

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mwandishi atafute kiima kwanza. Kwa maoni yangu ushauri huo umekaa kinyume. Katika sentensi ndefu nomino huwa nyingi, na kila moja ina sura ya kiima. Vitenzi ni vichache na ni rahisi kuviona. Anayeanza na nomino atakuwa anachagua miongoni mwa nyingi bila kipimo, lakini anayeanza na kitenzi ana swali la kuuliza: ni nani, au ni nini, anayetajwa kufanya hili au kuwa hivi? Tuichukue sentensi hii:

"The condition of the roads leading to the northern villages has improved since the rains ended."

Kitenzi kinachoibeba sentensi ni "has improved". Je, ni nini kilichoboreka? Si vijiji, kwani havikutajwa kwamba vimefanya lolote. Wala si barabara, ingawa hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu hali ya barabara ikiboreka ni kweli kwamba barabara zenyewe zimeboreka. Sarufi haijali ukweli huo. Haiulizi kilichotokea huko barabarani, bali inauliza mwandishi ameliweka neno gani kuwa kiini cha kiima, na hapa ameliweka neno "condition". Kitenzi ni "has", hata kama zimetajwa barabara mia.

Ukishapata jibu la swali hilo, lithibitishe kwa kuvua vikumushi kimoja baada ya kingine. Ondoa "leading to the northern villages", kisha ondoa "of the roads", na kinachobaki ni "The condition has improved", sentensi fupi ambayo sikio linaweza kuiamua. Virai vinavyoanza na vihusishi, yaani maneno kama "of", "in", "on", "for", "with", "from", "between" na "about", ndivyo vinavyovuliwa kwa wingi zaidi, na nomino iliyo ndani ya kirai cha namna hiyo haiwezi kuwa kiima cha kitenzi kilicho nje ya kirai hicho. Vipo pia virai vinavyoanza na kitenzi chenye "-ing" au kitenzi cha hali ya kutendwa, kama "leading to the villages" tuliyoiona, au "written by the two sisters" katika "The letter written by the two sisters was never opened". Navyo huvuliwa bila huruma.

Kwamba nomino ya karibu huvuta kitenzi si suala la uzembe tu. Mwaka 1991 wanasaikolojia Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha utafiti ambamo wazungumzaji wa Kiingereza walisikilizishwa mianzo ya sentensi, wakatakiwa kuirudia na kuimalizia. Ilionekana kwamba kiima cha umoja kikifuatwa na nomino ya wingi, kwa mfano "the key to the cabinets", wazungumzaji walikosea upatanisho mara nyingi zaidi kuliko pale kiima cha wingi kilipofuatwa na nomino ya umoja. Mwaka uliofuata, Bock na Cooper Cutting walionyesha kwamba nomino iliyo ndani ya kirai kifupi cha kihusishi huvuta kitenzi zaidi kuliko nomino iliyo ndani ya kishazi. Kwa anayesahihisha maandishi yake matokeo hayo yana faida ya moja kwa moja: akiwa na muda mchache, aanze na sentensi ambazo kiima chake ni cha umoja na neno lililo kabla tu ya kitenzi ni la wingi, hasa likiwa limetanguliwa na "of" au "to". Huko ndiko makosa yanakojificha.

Msaada wa Kiswahili, na mahali unapokoma

Msomaji wa Kiswahili ana chombo ambacho mzungumzaji wa Kiingereza hana, nacho ni kiambishi cha upatanisho kinachotangulia karibu kila kitenzi. Mtu aliyezoea Kiswahili hawezi kusema "orodha ya majina ya waombaji yamebandikwa". Atasema "imebandikwa" bila kufikiri, kwa sababu "i-" inaifuata orodha na si majina. Kwa hiyo, ukikwama, iseme sentensi yako kwa Kiswahili na usikilize kitenzi kinaanza na nini. "Matokeo ya kipimo alichoagiza daktari yamefika": kiambishi "ya-" kinaelekeza kwenye matokeo, nomino ambayo kwa Kiingereza ni "results", na kwa hiyo ni "The results of the test that the doctor ordered have arrived". "Kukagua tarakimu za majedwali yote kunachukua saa nyingi": kiambishi "ku-" kinaonyesha kwamba kiima ni kitendo chenyewe cha kukagua, na kitendo kwa Kiingereza ni umoja siku zote, hivyo "Checking the figures in all the tables takes many hours".

Tahadhari ya kwanza ni kwamba kipimo hiki hakifanyi kazi na "ni", kwa sababu "ni" haina kiambishi. Ukisema "Ubora wa picha hizi ni duni", hujui bado kama Kiingereza kitataka "is" au "are". Badili kitenzi kwa muda, useme "Ubora wa picha hizi umeshuka", na "u-" itakuonyesha kwamba neno kuu ni ubora. Basi andika "The quality of these photographs is poor".

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Kiambishi cha Kiswahili kinakuonyesha nomino ipi ni kiima, lakini hakikuambii kama nomino hiyo ni ya umoja au ya wingi katika Kiingereza. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kosa kubwa ni kuyajibu kwa mkupuo mmoja. Maji hupokea "ya-" kama vitu vya wingi, lakini "The water in the barrels is dirty" ni ya umoja. Samani na taarifa huweza kupokea "zi-", na vifaa hupokea "vi-", ilhali "furniture", "information" na "equipment" hazihesabiki katika Kiingereza na huchukua kitenzi cha umoja: "The information on these pages is out of date", "The equipment in the laboratories needs repair". Upande wa pili, mkasi mmoja kwetu ni mmoja, lakini "The scissors in the drawer are blunt" ni ya wingi hata ukiwa mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa suruali na miwani. Tumia Kiswahili kupata kiima, kisha uiulize kamusi ya Kiingereza idadi yake.

Maneno yanayofanana na "na"

Kiswahili kinaturuhusu kusema "Nahodha pamoja na mabaharia wake waliokolewa", na kitenzi kikawa cha wingi, kwani waliookolewa ni wengi. Hapa Kiswahili hakisaidii, kinapotosha. Katika Kiingereza rasmi ni neno "and" pekee linalounganisha nomino mbili na kuzifanya kiima kimoja cha wingi: "The captain and the sailors were rescued". Virai "together with", "along with", "as well as", "in addition to", "accompanied by" na "including" haviunganishi, huongeza maelezo ya pembeni tu, na kitenzi kinaendelea kuifuata nomino iliyotangulia: "The captain, together with the sailors, was rescued." Katika mazungumzo utawasikia wenye lugha wakisema "were" hapo, lakini katika mtihani, ripoti au barua rasmi jambo hilo huhesabiwa kuwa kosa. Ukiona "was" inakukera kwa kuwa waliookolewa ni wengi, usibishane na kanuni. Badilisha kirai hicho kuwa "and", na tatizo litakuwa limekwisha.

Mkato huwa dalili nzuri. Maneno yaliyofungwa kwa mikato miwili kati ya kiima na kitenzi huweza kurukwa yote: "The manager, not the workers, makes the decision", "My sister, like most nurses, works at night". Tatizo ni kwamba waandishi wengi huweka mkato wa kwanza na kuusahau wa pili, na msomaji hubaki hajui nyongeza imeishia wapi.

Kwa "or" na "nor" kanuni ni nyingine kabisa, na inafaa kutajwa hapa kwa sababu ndiyo sehemu ambapo ukaribu unahesabika kihalali. Nomino mbili zikiunganishwa kwa "either… or" au "neither… nor", kitenzi huifuata ile iliyo karibu nacho: "Either the clerks or the manager has the key", lakini "Either the manager or the clerks have the key". Zote ni sahihi, ila ya pili inasomeka kwa raha zaidi, na ningemshauri mwandishi yeyote aiweke nomino ya wingi mwishoni.

Vitenzi viwili, kila kimoja na kiima chake

Sehemu hii ndiyo inayohitaji utulivu mkubwa, kwa sababu kikumushi kinapokuwa kishazi huja na kitenzi chake mwenyewe, na mwandishi huwa na vitenzi viwili vya kupatanisha kwa wakati mmoja.

"The books that the teacher recommends are expensive."

Uliza swali mara mbili. Ni nani anayependekeza? Ni "the teacher", mmoja, na kwa hiyo "recommends" ina "s". Ni nini kilicho ghali? Ni "the books", na kwa hiyo ni "are". Anayeandika kwa haraka huandika "is", kwa kuwa kichwani mwake bado linavuma neno "teacher". Kiswahili hubeba uhusiano wote wawili ndani ya neno moja, kwani katika "vitabu anavyovipendekeza mwalimu" kiambishi "a-" ni cha mwalimu na "-vyo-" ni cha vitabu. Kiingereza hukuachia kazi hiyo uifanye mwenyewe, kitenzi baada ya kitenzi. Njia iliyo salama ni kukiwekea kishazi mipaka kwa penseli: anza kwenye "that", "which" au "who", na uishie mara tu kabla ya kitenzi ambacho si cha kishazi hicho. Mara nyingi Kiingereza huidondosha "that", ikabaki "The books the teacher recommends are expensive". Ukikuta nomino mbili zimefuatana bila kiunganishi wala mkato kati yake, shuku kwamba kishazi kimeanzia hapo.

"Who", "which" na "that" zinapokuwa zenyewe ndizo kiima ndani ya kishazi, hazina idadi yake. Huiazima kutoka kwa nomino zinayoirejelea. Ona jinsi idadi inavyopanda na kushuka katika sentensi moja:

"The nurse who treats the patients who come at night works alone."

"Treats" inamhusu muuguzi kwa kupitia "who" ya kwanza, "come" inawahusu wagonjwa kwa kupitia "who" ya pili, na "works" inarudi kwa muuguzi, kwa kuwa ndiyo kitenzi kikuu. Katika Kiswahili: muuguzi anayewatibu wagonjwa wanaokuja usiku hufanya kazi peke yake. Viambishi "a-" na "wa-" mwanzoni mwa vitenzi viwili vya kwanza vinakupa jibu lilelile, na ukijiuliza ni nani hufanya kazi peke yake, jibu ni muuguzi.

Mfano unaobishaniwa zaidi ya yote ni ule wa "one of those". Katika "She is one of those teachers who never shout", neno "who" linawarejelea walimu, kwa sababu sentensi inataja kundi la walimu wasiopiga kelele kisha inamweka yeye ndani yake. Kwa hiyo ni "shout" bila "s". Ukiongeza neno "only" mambo yanageuka: "She is the only one of those teachers who never shouts" inasema kwamba katika kundi hilo asiyepiga kelele ni mmoja tu, na "who" inamrejelea huyo mmoja. Wapo waandishi wazuri wa Kiingereza wanaotumia umoja katika sentensi ya kwanza pia, na sioni sababu ya kuwasuta, ila anayeandikia mtihani afuate mantiki niliyoieleza. Kitu kisicho na ubishi ni kiima kinachoanza na "one of" chenyewe: "One of the windows is broken", umoja, kama tunavyosema "mmoja wa wanafunzi amefaulu" na kamwe si "wamefaulu".

Pale ambapo nomino ya baada ya "of" ndiyo inayoamua

Nimesema kwamba nomino iliyo baada ya kihusishi haiwi kiima. Kuna maneno machache ya kiasi yanayoivunja kanuni hiyo, kwa sababu yenyewe hayana idadi mpaka yajue yanapima nini. Maneno hayo ni "some", "all", "most", "half", "the rest", pamoja na sehemu na asilimia. Tunaandika "Most of the land is dry" na "Most of the farmers are ready". "Two thirds of the work has been done" na "Two thirds of the workers have left". Hapa unatakiwa kuangalia ng'ambo ya "of". "None" huenda kote kuwili: "None of the answers is correct" ina urasmi zaidi, na "are" inakubalika pia.

"Each", "either", "neither" na "every one" zinafanana na kundi hilo kwa sura lakini hazimo. Hizo hutenga kitu kimoja kimoja na hubaki katika umoja: "Each of the rooms has two beds", "Neither of the keys fits". Hata hivyo "each" ikihama na kukaa baada ya nomino ya wingi, inakoma kuwa kiima, na kitenzi kinarudi kwenye wingi: "The rooms each have two beds."

Halafu kuna "the number of" na "a number of", zinazotofautiana kwa kineno kimoja kidogo. "The number of students has risen" inazungumzia idadi, nayo idadi ni moja: idadi ya wanafunzi imeongezeka. "A number of students have complained" inazungumzia wanafunzi, na maneno matatu ya mwanzo yana maana ya "kadhaa" tu: wanafunzi kadhaa wamelalamika. Anayezisema sentensi hizo mbili kwa Kiswahili kwanza hatakosea.

Nomino za makundi kama "team", "committee" na "family" zina mgawanyiko wake. Marekani huzipa kitenzi cha umoja karibu kila mara, na Uingereza huruhusu wingi pale wanakikundi wanapofikiriwa mmoja mmoja. Chagua mtindo mmoja na uubakie hadi mwisho wa maandishi yako.

Kitenzi kinapotangulia

Wakati mwingine kiima hakitangulii kitenzi bali hukifuata, na maneno yaliyotangulia yote ni vikumushi. "Among the documents on the desk was a letter from the bank": "documents" iko karibu na mwanzo, ni ya wingi, lakini imetanguliwa na "among", kilichokuwapo ni "a letter". Katika sentensi za "there is" na "there are", neno "there" si kiima. Tazama nomino inayokuja baadaye. Katika maswali, kitenzi kisaidizi husimama kabla ya kiima, na swali la nani au nini hulitatua kama kawaida: "Does the box of pens belong to you?"

Kosa lililo jirani na hilo ni kukifuata kijalizo, yaani nomino inayokuja baada ya kitenzi kukamilisha maana. "The main cause of the accidents is bad roads" ina wingi pande zote mbili za "is", na bado ni "is", kwa sababu kiima ni "cause". Ukiona sentensi hiyo haipendezi, igeuze: "Bad roads are the main cause of the accidents."

Kuyapitia maandishi yaliyokamilika

Ni vigumu kufanya haya yote wakati wa kuandika, na sipendekezi ujaribu. Andika kwanza, kisha urudi na upitie mara moja kwa ajili ya upatanisho peke yake, ukisimama kwenye kila "is", "are", "was", "were", "has", "have", "does", "do" na kila kitenzi cha wakati uliopo. Programu za kusahihisha sarufi husaidia, lakini nazo huweza kulipita kosa sentensi inapokuwa ndefu, au kulalamikia sentensi iliyo sahihi. Usikubali pendekezo lolote kabla ya kuuliza swali lako. Na ukiona umbali kati ya kiima na kitenzi umekuwa mkubwa kiasi kwamba wewe mwenyewe unarudi nyuma kukitafuta, vunja sentensi iwe mbili au ukisogeze kitenzi karibu.

Tujaribu kwenye kifungu hiki, ambacho kina makosa kwa makusudi:

"The report on the bridges, together with its maps, were sent to the engineers. One of the maps show a river that no longer exist. A number of the figures in the tables was wrong, and the reason for the errors are not known."

Kilichotumwa ni ripoti. "On the bridges" imetanguliwa na kihusishi na "together with its maps" imefungwa kwa mikato, kwa hiyo "were" inakuwa "was". Kinachoonyesha mto ni ramani moja kati ya kadhaa, hivyo "shows". Ndani ya kishazi chake, "that" inarejelea "a river", hivyo "exists". "A number of" ina maana ya kadhaa, na zilizokosewa ni tarakimu, hivyo hapa "was" ndiyo inayogeuka kuwa "were", kinyume na ilivyokuwa katika sentensi ya kwanza. Kisichojulikana ni sababu, si makosa; ondoa "for the errors", na kitenzi kinakuwa "is".